Bado

Julai, Tacuarembó. Baridi imeingia hadi kwenye vijiko.
Tangu saa tisa sarara iko nje ya friji,
imelala juu ya ubao, inapata joto la nyumba,
kama mgeni aliyefika mapema
na hajui aweke wapi mikono.

Miaka ishirini na saba nilisimama kiwandani,
buti nyeupe, glavu ya chuma mkono wa kushoto,
nikitenga mafuta na mnofu, mnofu na utando.
Nyama ikaenda ng'ambo kwenye mifuko isiyo na hewa,
ikaliwa na watu wasiojua
kwamba Zulma Olivera alikuwa na mafua siku ile.

Lakini nyumbani mwenye moto ni Heber.
Aliponioa alipata jiko;
mimi sikupata hata kiberiti.
Kila Jumapili, uani, chini ya bati,
yeye na ndugu zake wameuzunguka wavu wa kuchomea,
kuni za mkaratusi, divai kwenye glasi za maji,
wanaume sita wanaangalia kaa moja.
Mimi saladi. Mimi sahani. Mimi nikiulizwa chumvi iko wapi.
Mwisho mtu hupaza sauti: "Makofi kwa mchomaji!"
nami hupiga,
viganja vikinuka kitunguu.

Machi, mkono wake wa kulia ulilala usiamke.
Tangu hapo ni supu ya boga, wali, supu ya boga.
Leo asubuhi, mdomo ukivuta upande,
alitafuta neno muda mrefu, akalipata:
"Nyama."

Haya.
Naifuta kwa kitambaa hadi ikauke,
maana nyama yenye maji haichomeki, inachemka tu.
Chumvi ya mawe juu, chini, na ubavuni wanakosahau wengi.
Kikaango cha mama, chuma, kizito kama deni,
nakiacha motoni mpaka kitoe moshi.
Nafungua dirisha. Mbwa wa akina Techera anabweka.

Naitua.
Inatatarika, nyumba nzima inasikia.
Kutoka kwenye kiti chake Heber anainua kidole kilicho hai:
"Usi... usiguse."
Sijagusa.
"Geuza."
"Bado."

Tunatazamana.
Miaka thelathini na minne ya ndoa,
na sikumbuki kama nimewahi kumwambia bado.

Nageuza ninapotaka. Imeshika rangi ya kiatu kilichopigwa kiwi.
Siagi, saumu mbili zilizopondwa na ubapa wa kisu,
nainamisha kikaango, nachota, namwagia, nachota.
Nabonyeza kwa kidole gumba. Mnofu huu naujua:
unakaa mgongoni, ng'ombe hautumii sana,
ndiyo maana ni laini.
(Mimi nimetumika. Tusilinganishe.)

Kisha natoa, nafunika, nasubiri.
Yeye hataki kusubiri. Uma unagonga sahani.
"Mwenye pupa, Heber," namwambia, wala simalizii.
Dakika saba, kwa saa ya ukutani, ambayo huchelewa.

Nakata. Pembeni kahawia,
katikati rangi ya ufizi wa mtoto mchanga.
Namkatia vipande vidogo vidogo,
halafu kimoja nakiacha kikubwa, ashindane nacho.

Anatafuna. Anatafuna. Macho yako dirishani.
Mchuzi unamteremka kidevuni, simfuti.
Ghafla anapiga meza kwa mkono wa kushoto.
Nampa chumvi.
Anaisukuma kando, anapiga tena,
mara tatu, mara nne, kiganja wazi,
glasi zinaruka,
mbwa wa akina Techera ananyamaza.

Nikakaa.
Yangu ilikuwa imeshapoa, mafuta yameganda ukingoni mwa sahani.
Niliila hivyo hivyo, yote,
na mkate nikapangusia.